Treni Isiyo na Ngazi

Kampuni mpya ya reli ilipoitisha mkutano katika ukumbi wa zimamoto wa kijiji cha Hollersiel, Onno Eilers ndiye aliyetangulia kupiga makofi. Alikuwa na sababu. Tangu aanguke kutoka juu ya paa la zizi la baba yake, alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, na kila Alhamisi alikuwa na kwaya ya kuiongoza mjini. Treni za zamani zilikuwa na ngazi mlangoni. Ili apande, kondakta alilazimika kulibwaga daraja la chuma kwa kishindo, kisha amsukume juu huku akihema kama farasi wa jembe, na abiria wote wakikodoa macho.

"Treni zetu hazina ngazi," alisema Bi Vosskamp, msemaji wa kampuni, akionyesha picha ukutani. "Zitapita kila nusu saa, si kila baada ya saa mbili kama sasa. Na Bwana Eilers hapa ataingia mwenyewe, kama anavyoingia sebuleni kwake."

Ukumbi mzima ulicheka kwa furaha, na Onno akacheka kuliko wote. Kampuni ikamwomba picha yake iwekwe kwenye mabango, akakubali. Kiangazi kilipokwisha akaliuza gari lake la kuendeshwa kwa mikono, ambalo lilikuwa limeanza kukohoa kila asubuhi. Gari la nini, na stesheni iko nyuma ya bustani yake?

Dada yake Gesche, aliyeishi nyumba ya pili, hakuwa mwepesi wa kuamini.

"Ungengoja uione treni yenyewe," alimwambia wakinywa chai. "Ahadi ni deni, lakini wadeni wengine huhama mji."

"Wewe nawe! Hata jua likichomoza utasema limekosea njia."

Siku ya uzinduzi ilikuwa Jumapili ya Desemba, na upepo wa baharini ulikuwa ukikata masikio. Bendi ya zimamoto ilipiga, mvinyo wa moto ukanywewa, meya akahutubia. Onno aliwekwa mbele kabisa, na mkasi wa kukatia utepe mapajani. Treni ikaingia kimya, ya buluu, inang'aa. Mlango ukafunguka.

Ni kweli haikuwa na ngazi. Lakini sakafu yake ilikuwa juu kuliko jukwaa, kwa kiganja kizima na zaidi.

Onno alisogea hadi magurudumu madogo ya mbele yakagonga chuma. Akarudi nyuma kidogo, akajaribu tena. Yakagonga tena.

"Bi Vosskamp, hiki ni nini?"

"Ah." Bi Vosskamp aliinama, akatazama kana kwamba hata yeye ndiyo kwanza anaona. "Treni imetengenezwa kwa majukwaa ya kimo kipya, Bwana Eilers. Jukwaa hili si letu, ni la wenye stesheni. Litainuliwa katika awamu ya pili."

"Lini?"

"Liko kwenye mpango."

"Nimeuliza lini."

"Miaka minne hivi. Mambo yakienda sawa."

"Na lile daraja la chuma?"

"Lipo! Liko stesheni kuu. Unapiga simu siku moja kabla, linaletwa na mhudumu."

Mpiga picha alikuwa akitetemeka kwa baridi. Meya akapata wazo. "Vijana wa zimamoto wapo hapa. Wanne tu, wamnyanyue mara moja, tupate picha."

"Mimi si gunia la viazi," Onno alisema.

Akakisukuma kiti hadi kwenye kizingiti, miguu yake ikatangulia mlangoni, akafunga breki. Mlango ukaja kujifunga, ukamgusa, ukarudi. Ukaja tena, ukarudi tena, huku king'ora chake kikilia bila kukoma.

Mwanzoni watu walimshangilia. Kisha baridi ikaingia behewani, na makofi yakaisha.

"Bwana we, toka mlangoni!" alifoka Hajo, muuza matairi wa kijiji cha jirani. "Wengine tuna mambo ya kufanya!"

"Na mimi nimekuja kuota jua?"

"Si kosa letu!"

"Wala si langu, Hajo. Mbona unanifokea mimi, na msemaji wao amesimama hapo?"

Hajo alimtazama Bi Vosskamp, akatazama chini, kisha akamfokea Onno tena. Hilo ndilo lililomchoma Onno kuliko mlango.

Dereva, msichana aitwaye Imke, alishuka akamjia. "Kaka, ningekubeba mwenyewe. Ila nimekatazwa. Nikikuangusha, kesho sina kazi."

"Najua, mdogo wangu. Sina ugomvi na wewe."

Halafu akasogea mama mmoja mwenye viatu vyeupe vya hospitali. Yeye hakupaza sauti. "Samahani sana, baba. Mwenzangu amekesha na wagonjwa, na hawezi kuondoka mpaka nifike."

Onno akafungua breki, akarudi nyuma. Treni ikaondoka na meya, msemaji na bendi nzima. Jukwaani walibaki yeye na Gesche. Dada mtu alikuwa analia kwa hasira, akisingizia upepo.

Zikafuata wiki za simu. Kampuni ilisema waulizwe wenye stesheni. Wenye stesheni walisema waulizwe watu wa wilaya. Wilaya ikasema mkataba ni wa kampuni. Daraja lenyewe lilipatikana, ila mhudumu wake alitoka kazini mapema jioni. Kwa hiyo kila Alhamisi Onno aliiacha kwaya katikati ya wimbo ili awahi kurudi.

Hatimaye Fokko, mwimbaji wa besi, akasimama katika mazoezi. "Bosi, sisi tuna miguu. Tutakuja kuimba Hollersiel."

Kila mtu akapiga makofi isipokuwa Onno.

"Asanteni. Lakini mkija nyinyi, mimi sitaonekana stesheni. Watasema Hollersiel hakuna abiria wa kiti, sasa jukwaa la nini?"

"Tunakusaidia, na wewe unatukaripia?"

"Siwakaripii, Fokko."

"Unatukaripia."

Fokko alivaa koti akatoka, na mazoezi yakafa hapo. Onno alimpigia simu kesho yake, wakapatana nusunusu: wiki moja kwaya ingekuja kijijini, wiki inayofuata Onno angekwenda mjini, hata kama ni kwa kuimba nyimbo mbili tu. Mabango yenye picha yake aliyadai yaondolewe. Yaliondolewa haraka ajabu; yakawekwa mengine, ya mwanamke mwenye baiskeli.

Alhamisi moja ya Februari alikuwa jukwaani, mvua ikinyesha kwa mshazari. Mhudumu hakuwa amefika. Onno akapiga simu.

"Ombi lako tunaliona hapa," ilisema sauti. "Kuna upungufu wa wafanyakazi. Tunaomba subira."

"Subira ninayo, dada. Kinachokosekana ni zege."

Treni ikaingia. Imke alimpungia mkono kutoka dirishani, uso umemwiva kwa aibu. Mlango ukafunguka, abiria wawili wakashuka, wakampita na miavuli yao. Mlango ukajifunga. Onno alivuta kofia ya koti kichwani, akaipigia kwaya kuwaambia waanze bila yeye, kisha akapiga tena ile namba ya daraja, kuuliza habari za treni itakayofuata.