Majibu Yaliyochukuliwa na Beatus

Agnella alikuwa mwalimu Kiberege, mwaka wa saba na kisukari, na mwili wake ulikuwa umemchosha kuubeba. Daktari Elineema wa kliniki moja ya Ifakara alipomwongezea sindano ya kila wiki juu ya vidonge alivyozoea, alimpa sharti: kila miezi mitatu apimwe damu, sukari na figo. "Na ukitapika sana, mama, usingoje tarehe. Njoo."

Alitapika sana. Lakini kilo zilipungua, walimu wenzake wakamsifu, na sendoff, sherehe ya kumuaga binti yake Gladness kabla ya harusi, ilikuwa imekaribia. Hakwenda kliniki. Tarehe ilipofika alitoa damu akarudi darasani. Majibu akamwachia mumewe, Beatus, ambaye kila Ijumaa alikuwa na safari ya Ifakara.

"Wamesemaje?" alimwuliza jioni ile.

"Mazuri tu. Uendelee."

Akaendelea. Kwenye sendoff alicheza mpaka akavua viatu. Wiki tatu baadaye miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kuhesabu. Safari hii akaenda mwenyewe.

Daktari alipima, akasoma, akafungua faili la nyuma. "Mama Gladness, figo zilikuwa zimeanza kushuka tangu Machi. Niliandika usimamishe sindano na vidonge, uje wiki ile ile. Mzee alisaini karatasi hapa."

"Na sasa?"

"Sitakudanganya. Kilichobaki tutakilinda. Kilichokwenda sidhani kama kitarudi."

Nyumbani alimkuta Beatus uani, anageuza mpunga kwenye turubai.

"Ile karatasi ya Machi uliisoma?"

Mkono wake ulisimama. "Niliisoma."

"Ukaniambia mazuri."

"Ulikuwa na furaha, Agnella. Miaka mingi sijakuona vile. Nikasema sherehe ipite kwanza."

"Ikapita."

Beatus alitazama chini. "Nikaona aibu kukwambia nimekaa nayo."

Njia nzima Agnella alikuwa amejiandaa kupiga kelele, ila sasa hakuona wa kumpigia. Na yeye mwenyewe alitapika akanyamaza. Hilo pia alilijua, likamuuma zaidi.

Hakuondoka. Ndoa ya kanisani, miaka ishirini na minane, angekwenda wapi? Ila kila mwezi hupanda basi peke yake, hukaa benchi la maabara mpaka aitwe, na majibu huyafungia kabatini shuleni.

Mwezi uliopita figo zilishuka tena kidogo. Beatus siku hizi huusoma uso wake, maana karatasi haonyeshwi.