Hakuna Kuingia Bila Kasuku

Kila asubuhi mimi hunyunyizia maji uani kwetu Majengo kabla ya kufagia, maana mavumbi meusi ya volkano hayafagiliki yakiwa makavu. Asubuhi ya arusi ya dada yangu Rosine sikumaliza hata kona moja. Papa Grégoire, baba yetu, alitoka ndani ya nyumba simu ikiwa sikioni, kiatu kimoja mguuni.

“Fabiola, acha ufagio. Njia ya Rutshuru imefungwa, wanapigana. Shangazi yako Kasoki na watu wake hawafiki.”

Niliuliza kama ni wazima. Walikuwa wazima. Ndipo Papa akakalia sufuria iliyofunikwa. Kwetu mashangazi ndio humkabidhi bibi arusi, na wakwe walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba Grégoire ni mutu bila watu. Sasa upande wetu wa viti ungebaki mtupu, na mbuzi wamekwisha kuchinjwa.

Lakini Papa ni katekista. Aliinuka ghafla, uso uking'aa.

“Yesu alishasema! Walioalikwa wakikosa, tunaita watu wa njia!”

Akaenda kwenye kambi ya wakimbizi, akarudi na kundi la wanawake. Aliyewaongoza alikuwa Mama Mukamugema, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa bati. Nguo zao zilikuwa zimechoka, basi Papa akafungua sanduku la vikwembe, yaani vitenge vya sare, vya manjano vyenye kasuku wekundu, vilivyoshonewa mashangazi. Kisha akamweka mdogo wake, Baba Edmond, kwenye mlango wa upande wetu.

“Hiyo ndiyo vazi la arusi. Hakuna kuingia bila kasuku!”

Arusi ilichangamka. Mama Mukamugema, ndani ya nguo iliyokatwa kwa kipimo cha Shangazi Kasoki mwembamba, alipumua kwa shida ila alipiga vigelegele kuwashinda wakwe wote.

“Rosine ni mutoto yetu!” alimwambia mama wa bwana arusi. “Nilimubeba kwa mugongo!”

Alikuwa amemwona kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Mara kukawa na kelele mlangoni.

“Edmond, mupumbavu wewe! Mimi ndiye nilikuwa nakuosha matako!”

“Yaya, wewe ni dada yangu mukubwa, ninakujua. Lakini uko bila kasuku.”

“Kasuku yangu iko ndani!”

Alikuwa Shangazi Kasoki. Alikuwa amezungukia Bunagana, mpakani, akapita Uganda na Rwanda, matope mpaka magotini. Alimsukuma Edmond, akaingia, akasimama mbele ya nguo yake mwenyewe.

“Grégoire, hawa ni nani?”

Muziki ulizimwa. Wakwe walinyoosha shingo. Mama Mukamugema aliinuka, akaanza kufungua vifungo.

“Twende, wamama. Wenye nguo wamefika.”

Papa alitazama wakwe, akanitazama mimi. “Ni mashangazi…” akaanza.

Shangazi Kasoki alimzunguka Mama Mukamugema taratibu. “Na imeshapasuka kwa mugongo,” alisema. Akavuta kiti, akaketi karibu yake, akachukua kipande cha nyama kwenye sahani ya mwenzake.

Papa alivua kofia.

“Nilitaja Injili, lakini sikuwa nafikiria Injili,” alisema, wote wakisikia. “Niliogopa viti vitupu. Niliita hawa wamama ili ninyi wakwe muone niko na watu. Mama Mukamugema, usivue hiyo nguo. Asubuhi nilikuja kutafuta mutu wa kujaza kiti. Sasa ndiyo ninakualika.”