Saizi Nyingine Ziko Njiani

Saa moja na dakika kumi asubuhi ya Jumatatu, katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya magongo, mfua nguo wa hospitali alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimefunikwa kofia kubwa ya nailoni yenye kidirisha mbele, akisoma kwa sauti maelekezo ya kuzima moto. Moto na barakoa havihusiani. Ila ndiyo karatasi pekee iliyokuwa ukutani, na anayepimwa barakoa lazima asome kitu, kwa sababu barakoa karibu zote hukaa vizuri usoni mwa mtu aliyenyamaza.

"Usitumie lifti," alisoma mfua nguo.

Hospitali haikuwa na lifti.

Mpimaji akaingiza mdomo wa kichupa kwenye tundu la kofia, akapuliza mara kumi. Ndani ya kichupa mlikuwa na dawa chungu, uchungu wa kumfanya mtu amkumbuke mwalimu wake wa hesabu. Usipoisikia ladha yake, barakoa imeshika. Ukiisikia, barakoa inavuja, na panapopita uchungu ugonjwa nao haupigi hodi.

"Chungu!" mfua nguo akapiga kelele. "Dada Pua, chungu mpaka masikioni!"

Mpimaji walimwita Fundi Pua, kwa sababu kutwa alikuwa akibana viwaya vya barakoa juu ya pua za watu, kwenye korido, kwenye foleni ya chai, hata kwa watu waliosimama kumsalimia tu. Alizijua nyuso za hospitali nzima kama mshona suruali anavyojua viuno. Alijua shavu la kushoto la dereva wa gari la wagonjwa limebonyea, na ndevu zake alizoapa kufa nazo zilikuwa zimenyolewa baada ya mapambano ya siku tatu. Alijua pia kwamba mfua nguo huyu, waliyemwita Kisoda, alikuwa na kauso kadogo kiasi kwamba ungeweza kufunikia chupa ya soda ukaenda zako. Tangu ugonjwa uingie, Kisoda alivaa saizi ya mwisho kabisa, ile ya boksi la kijani.

Boksi za kijani zilikuwa zimeisha. Za bluu zimeisha, na za njano. Rafuni palikuwa na mzigo mpya ulioletwa Ijumaa, wote saizi moja, kubwa kama bakuli la kunawia.

"Zingine ziko njiani," Fundi Pua akamwambia. "Wiki mbili tu. Kata vipande vya taulo, jaza hapa mashavuni."

"Kasema nani?"

"Kasema kaka."

Kisoda akaomba mkasi. Kaka yake Fundi Pua ndiye aliyekuwa mkuu wa manunuzi wa hospitali, na wafanyakazi walimwita Kidevu, maana alikuwa na taya pana na kidevu kirefu chenye kishimo katikati ambamo punje ya hindi ingelala bila kujikunja. Kabla mzigo haujaagizwa, alikuwa amekuja mwenyewe na fomu.

"Saini hapa chini, mdogo wangu, mzigo utoke."

"Mbona haijajazwa?"

"Nitajaza. Au siku hizi huniamini?"

Fundi Pua akasaini. Mtu aliyekuvusha mto mgongoni ukiwa na miaka minne humuulizi mambo ya fomu.

Wiki mbili zikapita, zikawa sita. Kila alipompigia simu, kaka mtu alijibu kabla hajamaliza salamu: ziko njiani. Naye akashuka kwa wenzake akawaambia ziko njiani, akakata taulo. Kisoda akaugua, akalazwa siku kumi na tisa. Fundi bomba, mtu mwembamba mwenye uso kama mwiko, akaugua pia. Huyo hakurudi. Kwenye daftari la vipimo, mbele ya jina lake, Fundi Pua alikuwa ameandika mara sita: inavuja, inavuja, inavuja.

Siku tatu baada ya mazishi ukabandikwa waraka kwenye mlango wa chumba cha chai. Ulisema kwamba barakoa zote zilizonunuliwa ni sahihi, kwa hiyo mfanyakazi ambaye uso wake utaendelea kuvuja baada ya tarehe moja atakaa nyumbani bila mshahara mpaka uso wake utakapokuwa tayari.

Watu waliusoma, wakaguna, wakamaliza chai yao. Kisha nyuso zikaanza kuwa tayari.

Wa kwanza alikuwa Kisoda. Kidevu chake kilishuka siku ya Jumanne, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Pua ilirefuka jioni ile, na taya likapanuka usiku, bila maumivu. Jumatano asubuhi akaketi chini ya kofia ya nailoni, akasoma maelekezo ya moto mpaka mwisho, dawa ikapulizwa na hakusikia kitu. Fundi Pua akaandika: imeshika.

Kisoda akajitazama kwenye kioo cha mashine ya kufulia. Akakigusa kishimo cha kidevuni.

"Si haba," akasema. "Angalau nimepata pa kuweka kidole nikiwaza."

Nyumbani mwanawe wa miaka mitatu alimpa shikamoo, akaenda kukaa vizuri kwenye kiti. Mumewe alitandika godoro sebuleni. "Nakupenda mke wangu," alimwambia, "ila siwezi kulala na bosi wa watu."

Mwezi ulipokaribia kuisha, hospitali nzima ilikuwa na uso mmoja. Mlinzi wa getini alijifunza kuwatambua watu kwa viatu. Wagonjwa waliamini kwamba wodi zote zinahudumiwa na muuguzi mmoja mchapakazi ajabu, wakamwombea maisha marefu. Dereva wa gari la wagonjwa alilalamika kwamba hawezi tena hata kujitukana kwenye kioo. "Nikifungua mdomo tu," alisema, "naona namtukana mkubwa. Naishia kuomba radhi."

Aliyebaki alikuwa Fundi Pua. Kila asubuhi alijipima mwenyewe, na kila asubuhi dawa ilimkaa ulimini mpaka saa sita. Alijaza taulo. Hakuruhusu kidevu kisogee hata unywele.

Alikuwa na sababu. Uso ule haukuwa wake peke yake, ulikuwa wa marehemu mama yake, umehamishwa wote kama ulivyo, na mashavu ya mviringo na nyusi zilizokaribiana. Mama yao aliogopa kamera kuliko nyoka, na picha zake zote zinaonyesha kiganja. Mtu aliyetaka kumwona ilibidi amtazame binti.

Na alikuwepo aliyetaka. Baba yao aliishi chumba cha uani nyumbani kwa Fundi Pua. Kumbukumbu zake zilikuwa zinaondoka moja moja, kama wageni wenye adabu, ila mkewe alikuwa hajaondoka. Kila jioni Fundi Pua alioga, akabadilisha nguo, akaweka sahani kwenye ukingo wa dirisha la mzee, akarudi nyuma hatua nne, akashusha barakoa.

"Umerudi," mzee alisema.

"Nimerudi. Kula, kitapoa."

Hapo ndipo mzee alipokula. Siku moja Fundi Pua alichelewa kazini, jirani akapeleka sahani. Mzee alishukuru vizuri sana, akaifunika, akangoja. Alingoja mpaka asubuhi. Mganga wa wodi ya wazee alikuwa ameshasema: huyu akila anaishi, asipokula hatumalizi naye mwezi.

Tarehe moja ilipobaki siku nne, Fundi Pua alipanda ghorofani kwa kaka yake. Ofisi ilikuwa wazi, mwenyewe yuko nje ananong'ona na simu. Juu ya meza kulikuwa na faili lililofunguliwa, juu ya faili utepe wa kupimia, ule wa washonaji. Fundi Pua hakuwa mpekuzi, ila fomu ilikuwa imemgeukia yeye.

Msambazaji alikuwa ameomba vipimo vya wafanyakazi ishirini, wanawake kwa wanaume, wakubwa kwa wadogo, ili ajue alete barakoa ngapi za kila saizi. Mistari ishirini ilikuwa imejazwa. Mstari wa kwanza, dereva: sentimita kumi na tatu na nusu kwa kumi na tano. Mstari wa pili, Kisoda: kumi na tatu na nusu kwa kumi na tano. Fundi bomba alikuwa mstari wa tano, yeye mwenyewe mstari wa saba, na wote walikuwa kumi na tatu na nusu kwa kumi na tano. Chini kabisa paliandikwa: vipimo vimechukuliwa na kuthibitishwa na. Halafu sahihi yake, ile ile nzuri, yenye mkia.

Kaka yake alipoingia, Fundi Pua alimgeukia. Alichukua utepe, akauweka penye mzizi wa pua ya kaka yake, akaushusha mpaka kidevuni. Kumi na tatu na nusu. Akaupitisha shavu kwa shavu. Kaka mtu alitulia kama mteja, maana mtu akipimwa hutulia.

"Kumi na tano," Fundi Pua akasema.

"Ilikuwa siku ya mwisho ya kurudisha fomu," kaka yake akasema. "Ningewapima watu ishirini saa ngapi? Tulikuwa hospitali ya kwanza kurudisha, unajua? Tulisifiwa."

"Na saizi nyingine?"

"Ziko njiani."

"Kaka. Uliziagiza?"

Kaka yake akapanga kalamu zake tatu zikae sambamba, akazitazama, akaihamisha ya katikati.

"Tufunike kombe, mdogo wangu," akasema. "Mbona wenzako wote zimeshawakaa?"

Wakaguzi wawili walikuja Alhamisi, kwa sababu ya kifo cha fundi bomba. Mmoja alikuwa mnene, mwingine alikuwa na mafua na kila mtu alijitahidi kutoyasikia. Walipitia daftari, wakaona hospitali nzima imefaulu isipokuwa mpimaji wake, wakataka kumpima wenyewe. Wakamketisha kwenye kiti cha plastiki. Wakamvika kofia. Kisoda alikuwa mlangoni na kapu la mashuka. Kidevu alikuwa ukutani.

"Soma," akasema mnene, akapuliza.

"Ukiona moto, mjulishe mwenzako," Fundi Pua akasoma. Ulimi ulikuwa umeshakuwa mchungu.

Mkaguzi wa mafua akaiinua fomu mbele ya kidirisha cha nailoni. "Sahihi hii ni yako?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelala nalo siku tatu, akaoga nalo, akalinyoosha kama sare: ni yangu, ila vipimo sikuchukua mimi. Maneno machache tu. Akamtazama kaka yake. Kaka yake alikuwa amesimama mikono nyuma, kichwa kimeinama upande, kama alivyosimama siku ile alipovunja mtungi wa mama akamwambia yeye aseme ni paka.

"Ni yangu," Fundi Pua akasema.

"Na vipimo ulichukua mwenyewe?"

Mnene akapuliza tena. Kisoda akaliweka kapu lake chini.

"Ndiyo," akasema.

Taya lake likapanuka polepole, kwa sauti ndogo kama droo inayofungwa. Kidevu kikateremka, kikatoboka katikati. Uchungu ukafifia ulimini, ukaisha, akabaki na ladha ya mate yake tu. Alimaliza kusoma maelekezo ya moto bila kukohoa.

"Imeshika," mnene akasema, akaandika.

Taarifa yao ilitoka siku ile ile. Nyuso asilimia mia moja. Fundi bomba alifariki kwa kutovaa barakoa ipasavyo. Hospitali nyingine zilishauriwa kuagiza kwa mtindo huo huo, na mkuu wa manunuzi akaitwa akaufundishe.

Mlangoni Kisoda aliliinua kapu lake. Walitazamana, uso ule ule kwa uso ule ule.

"Karibu," Kisoda akasema. "Ulichelewa tu."

Hakumwita Dada Pua.

Jioni Fundi Pua alioga, akabadilisha nguo, akapeleka sahani. Kaka yake alikuwa ameshafika, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi minane. Alikuwa amesimama uani, amevaa shati jipya. Alikuja kumshukuru na kuuliza kama anajua mtu wa kumpeleka uwanja wa ndege Jumamosi. Fundi Pua aliiweka sahani kwenye ukingo wa dirisha, akarudi nyuma hatua nne, akasimama kando yake, akashusha barakoa.

Mzee aliwatazama wote wawili kwa muda. Akafurahi.

"Wanangu," akasema. "Mmekuja wote wawili."

"Kula, mzee," Fundi Pua akasema. "Kitapoa."

Mzee akatazama nyuma yao, kwenye kamba ya nguo, kwenye mlango wa jikoni.

"Mama yenu yuko wapi?"

Fundi Pua alifungua ule mdomo mpana. Kaka yake akamtangulia, kwa upole, kama mtu aliyezoea kuulizwa.

"Yuko njiani, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaifunika sahani kwa kifuniko chake, akavuta kiti karibu na dirisha, akakaa.