Mshono wa Bwana Kinyume

Mara tatu daktari alipanga siku ya kumbadilishia betri, na mara tatu Mama Joto akaleta visingizio. Mara mafua, mara mgeni, mara kazi nyingi kiwandani. Kazi gani, jamani! Moyo wake ulidunda kwa msaada wa betri iliyobakiza miezi minne tu, na kazi yake mwenyewe ni kupima betri hizo hizo za kupandikizwa vifuani. Nani wa kumweleza?

Jina la utani alilipata kwa ajili ya kabati la maabara, alilolilinda kama mboni ya jicho. Joto lake ni sawasawa na la mwili wa mtu, na humo betri huachwa zifanye kazi mpaka ziishe.

"Mama, unataka kuniacha yatima?" binti yake alimjia juu. "Betri mpya ni nusu ya hiyo kwa ukubwa, nguvu maradufu. Unangoja nini?"

"Hii aliichomelea baba yako."

Marehemu alikuwa mchomeleaji wa vifuniko vya betri, tena mashoto, na mshono wake ulizunguka kinyume na wa wenzake wote. Wakamwita Bwana Kinyume. Miaka tisa mkewe ametembea na kazi ya mkono ule kifuani, sita kati ya hiyo akiwa mjane. Alimtamani bado, mchana kweupe, hata akiona glavu za kushoto zimebaki sandukuni bila wa kuzivaa hugeuza uso.

Na betri ikitolewa kifuani hurudishwa kiwandani, humalizwa chaji kwa siku moja, kisha hukatwa ichunguzwe. Ndiyo kanuni. Hapo ndipo roho yake ilipogoma.

Mwishowe alikubali, maana mtoto ni mtoto. Wiki sita baada ya upasuaji, amerudi kazini, akafungua boksi la betri zilizorudishwa. Akazigeuza moja moja. Ya tano, mshono ulikwenda kushoto.

"Hizo zote zimalizwe chaji leo," msimamizi alisema akipita.

"Kanuni inaniruhusu kuacha moja kwa kila boksi, ijiishie polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Kwa mwendo wa moyo wangu."

Msimamizi akaitazama betri, akamtazama yeye. "Haya, mama. Andika tu."

Basi ikakaa kabatini. Kila asubuhi alifungua mlango, "Umeamkaje, bwana?", akasoma kipimo. Wenzake walijifanya viziwi. Ile miezi minne iliyobaki ikatimia, ikapita. Mbishi yule, hata hapo alikwenda kinyume, akafikisha miezi saba.

Alhamisi moja kipimo kikasoma sifuri. Mama Joto alisimama pale mpaka wenzake wakarudi kutoka chai, ndipo akampigia binti yake.

"Baba yako amemaliza kazi."

"Nije, mama?"

"Njoo, mwanangu. Leo ndiyo nimefiwa."