Esigani wa Duka la Subhash

Nilianza kushona kwenye veranda ya duka la vitambaa la Subhash wakati mwanangu Omwenga akiwa mgongoni, na mwaka ule wa tisini na sita Omwenga alikuwa ameshaota ndevu. Kwa hiyo mtu asinieleze habari za Wahindi wa Kisii. Nimewaona wakihama mmoja mmoja. Wenye duka la vyombo walikwenda Toronto. Wenye duka la misumari walikwenda Leicester, wakamwacha paka. Waliokuwa wakiuza redio walisema wanahamia Nairobi kwa muda tu, na muda huo haujaisha mpaka leo. Kila duka lililofungwa lilifunguliwa tena na mtu wetu kutoka Nyamira, au na Msomali aliyekimbia vita kwao kama jirani yetu Abdikarim, ambaye beseni zake za plastiki zilijaa hadi njiani. Simlaumu. Kila mtu anatafuta.

Waliobaki walikuwa na shida moja kubwa: vijana wao hawakupata wake. Msichana wa Kihindi wa Kisumu au Nairobi akisikia Kisii, anauliza huko kuna nani. Na kweli, kulikuwa na nani? Familia chache zilizosalia zote zilikuwa ndugu. Aakash, kitinda mimba wa Subhash na mkewe Padma, alikuwa amekataliwa mara kadhaa bila hata kuonwa uso, na uso wenyewe ni mzuri, nasema mimi.

Mzee Subhash akakata shauri. Kama Aakash hatakuwa na mchumba kufikia Diwali, duka litauzwa kwa Abdikarim, nao wote watamfuata mwana mkubwa Leicester, Uingereza. Nilikosa usingizi. Abdikarim ni mtu mwema, lakini veranda angeijaza beseni, na mimi na cherehani yangu tungekwenda wapi mjini humu ambako kila veranda ina fundi wake? Tena ningemkosa Aakash. Alijifunza kutambaa chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, na Ekegusii chake, lugha yetu, kinawashinda wanangu wenyewe.

Kisha ikaja habari njema. Gautam, mwenye duka la vitabu Kisumu, alikubali kumleta binti yake Khushi waonane. Siku moja kabla hawajafika, Padma aliniletea chai kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akasimama karibu na cherehani.

"Nyanchera, hawa watu iko na shangazi moja mkali, Alpa. Huyo atauliza watu. Akikuuliza, sema Aakash anaenda Leicester. Atakaa hapa miaka mbili tu, halafu anaenda na bibi yake."

"Lakini Mama Aakash, si ameshalipa kodi ya duka Itumbe?"

"Nyamaza!" Akatazama nyuma. "Mimi nimeambia wao hivyo. Bila hiyo, msichana hawezi kuja."

Aakash alikuwa amekodi chumba karibu na kiwanda cha chai Itumbe, awauzie wakulima blanketi na mabati wakipata bonasi. Ufunguo alinionyesha mimi kwanza. Aliniambia, "Mama, mimi Leicester nitafanya nini? Kupanga makopo kwa duka ya mtu?" Alikuwa na furaha mpaka nikamwonea huruma.

Jumamosi wakaja. Gautam alikaa ndani na Subhash, wakala, wakasifiana. Shangazi Alpa akatoka kuuliza. Desturi yao, nilikuja kujua, ni kuwauliza watu wa jamii yao kuhusu kijana. Lakini jamii iko wapi? Nyumba ya kwanza alimkuta binamu ya Subhash, ya pili mjomba wa Padma, na ndugu gani atakwambia mabaya ya nduguye? Basi akaja kwangu, na Khushi nyuma yake, msichana mwembamba wa miwani, akijifanya anatazama vitambaa.

"Mama, wewe umekaa na hawa watu sana," Alpa akasema. "Ni kweli kijana anaenda Uingereza?"

Sisi Abagusii tuna mtu wa kazi hiyo, tunamwita esigani. Ndiye anayesimama kati ya koo mbili. Ndiye anayeulizwa kama nyumba ina kifafa, uchawi au uvivu, na ndoa ikiharibika lawama yote inamwangukia yeye. Esigani hasemi uongo. Nilijua hayo yote, na bado nilifungua kinywa niseme Leicester. Naapa nilikifungua. Lakini Khushi alikuwa ameacha kujifanya. Alikuwa ananitazama mdomoni, akisubiri.

"Ukoo ni mzuri," nikasema. "Hawana ugonjwa wa kurithi. Mzee ana hasira za asubuhi, zinaisha akinywa chai. Mama anapenda kutawala jikoni. Kijana hanywi pombe na hapigi mtu. Lakini haendi Uingereza. Leo haendi, na hiyo miaka mbili ikiisha haendi. Amekodi duka Itumbe. Huyu msichana akiolewa naye, ataishi hapa na matope yetu."

Waliondoka kabla ya chakula cha pili kuletwa. Gautam hakumpa Subhash mkono. Aakash alisimama mlangoni akitazama gari likikata kona, mabega yamemlegea, nami nikainamia kitambaa nilichokuwa nikishona na kukiharibu kabisa.

Padma hakusema nami siku ile. Asubuhi nilikuja mapema kufunga cherehani yangu kabla sijafukuzwa. Nilikuwa naifunika gunia alipotoka, akaketi kwenye kigoda cha wateja wangu.

"Unaenda wapi?"

"Nimewaharibia, mama."

Akasema, "Mimi nilipoolewa kule India, Jamnagar, mama ya Subhash alisema Afrika ni miaka mbili tu. Mama yangu alinifungia nguo ya miaka mbili. Nilikuwa naweka zingine kwa sanduku, sivai, ndiyo nirudi nayo ikiwa mpya." Akajifuta macho kwa ncha ya sari. "Hakuna mtu aliniambia ukweli, Nyanchera. Mama alikufa, mimi niko hapa napima kitambaa. Na mimi nikataka kufanyia mtoto ya wenyewe hiyo hiyo."

Nilimshika mkono. Miaka yote ile hatukuwahi kushikana mikono, na wake ulikuwa na sugu za mkasi kama wangu. Nilimpenda sana asubuhi ile.

"Ondoa hiyo gunia," akasema. "Watu wanataka sare ya shule."

Lakini huruma ya Padma haikubadilisha mambo. Gautam alipiga simu kusema hapana, na wiki iliyofuata Abdikarim alikuwa ndani ya duka na kamba ya kupimia, akiangalia rafu zipi abaki nazo. Aakash alikuwa juu ya ngazi akimsaidia, kimya, ufunguo wa Itumbe ungali shingoni. Simu ikalia. Padma akapokea, akasikiliza, akauvuta waya mpaka mlangoni kwangu.

"Ni msichana," akanong'ona. "Anataka wewe."

Nikashika simu kwa mikono miwili.

"Mama, ni Khushi. Baba hajui napiga. Nataka kuuliza kitu. Wewe uliolewa hapo hapo kwenu?"

"Hapana, mwanangu. Mimi ni wa Magwagwa. Niliolewa mbali, Masimba."

"Kulikuwa na mtu wako huko?"

"Hakuna hata mmoja."

"Ulilia muda gani?"

Padma alikuwa amesimama mbele yangu ameshika waya, macho yakinisihi. Nyuma yake Abdikarim alitaja kwa sauti kipimo cha rafu ya mwisho. Ningesema wiki moja. Ningesema nilizoea haraka. Nani angejua?

"Mwaka mzima," nikasema. "Nilikuwa najificha kwa moshi ya jikoni. Na hata sasa kuna siku nalia. Wewe pia utalia, Khushi, siwezi kukudanganya. Lakini huyu mama mkwe alilia huku kabla yako. Yeye hatakuambia nyamaza."

Machozi yalinitoka mimi mwenyewe, kwa ajili ya yule msichana mgeni wa Masimba niliyekuwa zamani, ambaye hakuna aliyempigia simu.

"Wote hapa wananiambia nitafurahi," Khushi akasema. "Kila mtu. Wewe peke yako ndiye umeniambia nitalia." Akavuta makamasi. "Aakash yuko? Nataka aniambie mwenyewe Itumbe pakoje."

Padma aliona machozi yangu akadhani ni hapana tena. Akageuka aingie ndani, nikamshika sari.

"Mama Aakash," nikamwambia, "mwite mwanao ashuke kwenye ngazi."