Kilo za Shemeji

Kila Ijumaa ya pili, saa tisa alasiri, watu kumi na wawili wa timu ya programu waliingia chumba cha mikutano, wakafunga mlango na kupima afya ya mbio zao. Mbio ndilo jina walilozipa zile wiki mbili za kazi zilizokuwa zinakwisha. Kila kazi ilipewa pointi kabla haijaanza: tatu kwa nyepesi, nane kwa ile inayotoa jasho. Mwisho wa mbio pointi za kazi zilizokamilika zilijumlishwa, kisha kila mtu akatumbukiza kadi moja kwenye boksi la viatu, bila jina. Kijani maana yake timu ni nzima. Nyekundu maana yake timu inaumwa. Aliyetumbukiza nyekundu mara ya mwisho alikuwa mchoraji wa kurasa, mwaka uliopita. Meneja aliuliza ni ya nani, akasubiri bila haraka yoyote, mpaka mchoraji akanyoosha mkono. Jumatatu yake jina lake halikuwamo kwenye orodha ya mlinzi wa mlangoni.

Aliyejumlisha pointi alikuwa Mpimaji. Kazi yake ilikuwa kujaribu kila kitu walichounda wenzake, kukivuruga kwa makusudi, na kisipovurugika, kubonyeza kitufe kilichoandikwa Imekamilika. Bila kitufe hicho pointi haikuhesabiwa. Kwenye meza ya pili kutoka kwake alikaa mume wa dada yake, mtunza hifadhidata. Kwa kuwa yeye alimwita Shemeji, ofisi nzima ikamwita Shemeji, pamoja na Meneja, ambaye hakuwa na undugu na mtu yeyote pale.

Uwezo wa timu ile ulikuwa pointi thelathini kwa mbio moja. Jambo hilo lilijulikana kama mtu anavyojua namba ya kiatu chake. Mwezi wa tatu Meneja alisema anataka arobaini. Walikesha, waligombana na wake na waume zao kwenye simu, wakafikisha arobaini. Ijumaa hiyo Shemeji alipanda kwenye mizani ya koridoni, ile iliyowekwa na ofisi ya utumishi ili watu wajali miili yao, na mizani ikasoma kilo sitini na nane. Wiki mbili nyuma ilisoma sabini na nane. Kitambi chake kilikuwa palepale na mashavu yake palepale. Mkanda wake ulifungwa tundu lilelile. Uzito tu ndio uliopungua.

Mbio zilizofuata walifikisha arobaini tena, naye akafika hamsini na nane. Viatu vyake vikaacha kulia kwenye korido. Ofisi ya utumishi ikatuma barua pepe kwa wote kuomba feni ya upande wa hifadhidata ipunguzwe kasi.

"Upande wake wa kitanda haubonyei," dada mtu alimwambia Mpimaji jikoni, huku akisugua sufuria ambayo ilikuwa imetakata zamani. "Usiku nanyoosha mkono kuhakikisha kama yupo. Mdogo wangu, wewe ndiye unayehesabu huko. Hesabu vizuri basi."

"Mwambie aache kazi, dada."

"Nimemwambia. Anasema akitoka katikati ya mbio atawaangusha wenzake. Unamjua alivyo."

Mpimaji alimjua. Alirudi kwake, akakaa na daftari, na hesabu ikamjibu bila kumficha: kila pointi iliyozidi thelathini ilikuwa kilo moja ya Shemeji. Ilitoka palepale alipobonyeza kitufe. Aliogopa kiasi cha kuamka mara mbili kuosha mikono.

Jumatatu alikula njama na timu wakati Meneja yuko kwenye simu. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na kila mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo angeuunga mkono. Kazi ya pointi tatu wangeiita nane. Ya nane wangeiita kumi na tatu. Meneja angepata namba zake kubwa, wao wangefanya kazi ya kawaida, na Shemeji angepumzika. Walipopiga kura ya pointi waliinua vidole bila kutazamana usoni, wakibana vicheko.

"Jamani, kubadilisha rangi ya kitufe ni nane?" Meneja aliuliza.

"Rangi ina mambo mengi, bosi," akasema Shemeji, na watu wakainamia daftari zao wasicheke.

Zilikuwa wiki mbili za raha. Walitoka saa kumi na moja jua likiwa bado juu. Pointi zikafika hamsini na saba, Meneja akapiga makofi peke yake. Mpimaji alimshika Shemeji mkono, akampeleka kwenye mizani huku roho ikiwa juu juu. Ikasoma thelathini na moja.

Alisoma mara tatu. Mizani haikuwa na habari ya nani alitoka jasho na nani hakutoka. Iliangalia namba, kama Meneja alivyoangalia namba. Kilo ishirini na saba alikuwa amemtoa yeye kwa mpango wake mwenyewe, na machozi yakamlenga palepale koridoni.

"Usilie hapa," Shemeji akamnong'oneza. "Watauliza."

Saa tisa wakaingia kupima afya. Mpimaji alikuwa na kadi mbili mfukoni. Alipiga moyo konde, akatumbukiza nyekundu.

Meneja alizipanga mezani moja moja, kijani, kijani, kijani, mpaka akafika kwenye ile. Aliiweka kando na kuinyoosha kwa kidole.

"Hii ya nani?"

Hakukasirika. Aliegemea kiti akasubiri. Kiyoyozi kiliguruma. Mpimaji alifungua mdomo, lakini akilini akamwona mchoraji wa kurasa amesimama kwa mlinzi na mkoba wake. Akaufunga mdomo. Shemeji, aliyekuwa ameshika meza kwa mikono miwili kwa sababu ya kiyoyozi, akainua mkono mmoja.

"Yangu, bosi. Macho yangu siku hizi yanachanganya rangi."

"Pole sana," Meneja akasema, na alimaanisha. Akaichukua kadi nyekundu, akaweka kijani mahali pake. "Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Hatuna mgonjwa. Shemeji, naambiwa vidole vyako haviwezi tena kubonyeza kibodi?"

"Kidogo tu, bosi."

"Tutakununulia kibodi laini."

Kwa kuwa kasi ya timu sasa ilikuwa imepimwa na kuthibitishwa, mbio zilizofuata zilipangiwa pointi sitini na tano. Walijaribu kurudisha hesabu za zamani, nane iwe tatu tena. Meneja alisema kazi haiwezi kuwa ndogo wiki hii wakati wiki iliyopita ilikuwa kubwa, na namba zikabaki vilevile.

Kibodi laini ilifika Jumanne. Dada mtu alimshonea mumewe mifuko miwili ya mchanga ndani ya koti, ikamsaidia siku tatu. Siku ya nne Shemeji akavua koti, akisema likimvuta mabega hawezi kufikiri. Mpimaji alichelewesha kila alichoweza. Alijaribu kazi zilizokwisha kujaribiwa, akatafuta makosa ambayo hayakuwepo, akaenda chooni bila haja. Alasiri ya Jumatano ya pili jumla ilisimama kwenye hamsini na tisa. Shemeji alikuwa na kilo mbili, amejifunga kwenye kiti kwa waya wa simu. Kwenye skrini ya Mpimaji ilibaki kazi moja ya pointi tatu: ukurasa wa kumjulisha mgonjwa kwamba zamu yake hospitalini imefika. Ulifanya kazi vizuri. Alikuwa ameufungua mara arobaini, na kila mara ulifanya kazi vizuri.

Meneja akaja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Una tatizo?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno moja. Alimtazama Shemeji, naye Shemeji akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekataa sukari ya pili kwenye chai. Mpimaji hakujua anamkataza kubonyeza au anamkataza kusema. Akachagua ile maana iliyokuwa rahisi kwake.

Akabonyeza.

Waya ulichomoka kwenye kiti. Shemeji akapanda polepole, akipita kwenye kabati la mafaili, akaomba radhi kwa mhandisi aliyemgusa kichwa kwa kiatu, na mgongo wake ukagota darini. Alikaa hapo akitazama chini. Mtu mmoja akazima feni.

Kesho yake fundi seremala alikuja na ngazi, akapigilia meza darini miguu ikiwa juu, pamoja na mikanda ya kushikia kompyuta. Alipima mara moja tu. Alisema ofisi aliyotoka juzi alipigilia mbili.

Ijumaa saa tatu na robo, timu ilisimama kwa duara kama ilivyosimama kila asubuhi. Katika kikao hicho kila mtu alisema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na kama kuna kinachomzuia. Wakaanza kwa Shemeji, wote wakainua nyuso.

"Jana nilihamia huku," alisema kutoka darini. Damu ilikuwa imemjaa usoni na sauti ilikuwa nyembamba. "Leo namalizia faharasa za wagonjwa. Sina kizuizi."

"Safi," Meneja akasema, akaandika.

Dada mtu alikuwa amesimama nje ya mlango wa kioo na chakula cha mume wake mkononi, akimtazama mdogo wake, si mumewe. Mpimaji alimwona. Zamu ikamfikia yeye, watu wakamgeukia, na ukimya wa Meneja ukaanza kusubiri.

"Jana nilimaliza kazi zote," alisema. "Leo naanza mpya."

"Kizuizi?"

"Sina."