Corolla ya Baba Mdogo

Fundi cherehani alikuwa na gari aina ya Sunny; mdogo wake, mwashi, alikuwa na Corolla. Zote zilikuwa kuukuu, na ndugu hao walizibishania kila walipokaa pamoja.

"Yako inalia kama mbuzi," mwashi alisema.

"Na yako inakunywa mafuta kama ina kiu ya mwaka mzima!"

Ulikuwa utani tu, mpaka binti wa fundi alipotaka kujifunza udereva, akaenda kwa baba yake mdogo.

Jumamosi moja fundi aliacha suruali ya mteja kwenye mashine, akaenda kuwachungulia uwanjani walikofanyia mazoezi. Corolla ilirukaruka kisha ikazimika. Binti yake alicheka mpaka akainamia usukani. Mwashi, amekilaza kiti chake, aliendelea kutafuna karanga.

"Washa tena, mama," alisema. Basi.

Nyumbani kwa fundi binti huyo hakuwa akicheka hivyo.

Jioni alishindwa kujizuia. "Sunny yangu gia zake laini, viti vizima. Ile mlango wa nyuma umefungwa kwa waya! Umeona nini kwenye ile Corolla?"

"Baba, mimi sikuchagua gari," binti alijibu taratibu. "Nikikosea mbele yako, unashika kichwa kana kwamba nimeua mtu."

"Mimi? Haya, twende sasa hivi!"

Fundi aliuma midomo mpaka kona ya kituo cha mafuta. Hapo binti aliachia klachi haraka, gari likazimika, na honi zikaanza nyuma yao.

"Unaniulia gari!" fundi alifoka.

Binti alimkabidhi ufunguo, akashuka, akarudi kwa miguu.

Mtihani wa leseni aliufanya na Corolla, akafaulu. Fundi alizisikia habari hizo kwa mteja aliyekuja kupimwa gauni. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akawakuta wanaliosha gari, wamelowa chapachapa, wanacheka. Akasimama getini.

"Hongera," alisema. "Lakini rimu za nyuma hamjazisugua."

"Kaka, kitambaa hicho hapo," mwashi alisema.

Fundi alikichukua. Alipiga goti, akasugua rimu ya Corolla huku wivu ukimtafuna. Binti yake akaja, akachuchumaa kwenye gurudumu lile lile, akaanza kusugua upande wa pili.